Takataka za Ruzizi na wanafunzi wetu

Bwana Mhariri,

Mvua ikinyesha Kadutu, hapa Bukavu, chupa za plastiki hushuka mitaroni hadi Ziwa Kivu, kisha huenda kukwama kwenye bwawa la umeme la mto Ruzizi. Mitambo ikizibwa, umeme unakatika Bukavu. Na vyuo vikuu tunavyo tele! Mwanafunzi anaandika kazi ya kumaliza masomo kuhusu takataka hizo, anaitetea mbele ya maprofesa, halafu inafungiwa kabatini. Wakaaji wa mtaa hawajaulizwa lolote.

Wanafunzi washuke mtaani kufanya kazi na wakaaji. Sisemi salongo, ule usafi wa pamoja wa Jumamosi. Kushika fagio na kupigwa picha si masomo. Kazi ya mtaani ihesabiwe alama, profesa awepo, na akina mama wa soko la Kadutu waalikwe siku ya utetezi, waulize maswali. Nauli nayo ilipwe na chuo, si mzazi.

Mzazi, Bagira, Bukavu