Punda jike asipandishwe kabla hajaota meno manane ya ukubwani

Mhariri,

Juma lililopita mpwa wangu wa miaka 13 alinijia barazani na simu mkononi, nami ndiyo kwanza nimewavua punda sogi, yale makapu ya mizigo ya mgongoni. Kwenye simu hiyo ana shamba la kuchezea. Mna ng'ombe, mahindi, trekta na farasi wawili aliowaendesha kila siku hadi bei yao ikapanda. "Mjomba," akaniuliza, "niwazalishe hawa au niwauze? Mtoto wao anazaliwa hajui kitu, nitaanza kumfundisha upya."

Sikumjibu papo hapo. Swali hilo nimelibeba kwa miaka 27 ya uchukuzi hapa Langoni, Lamu, na naona wengi wetu wenye punda hatulijibu kabisa. Dume la jirani ndilo linalotujibia. Jioni tunawafungulia punda watembee vichochoroni na pwani kutafuta majani na maganda, na asubuhi jike wa miaka miwili amekwisha kupandwa. Mwaka unaofuata tunashangaa mbona mtoto kazaliwa mdogo na mama amekonda, mgongo umebonyea.

Ombi langu kwa wenzangu ni moja: jike asipandishwe mpaka akaribie miaka minne, na awe amekwisha kuijua kazi. Yote mawili.

Umri hausomwi kwenye karatasi, maana punda hana cheti. Unasomwa mdomoni. Simama ubavuni, mshike taya kwa upole, inua mdomo wa juu kwa kidole gumba. Meno mawili ya katikati hubadilika akiwa na miaka miwili na nusu au mitatu, yanayofuata hubadilika mwaka mmoja baadaye, na yale ya pembeni akikaribia mitano. Jino la utoto ni dogo, jeupe, limebanwa shingoni. La ukubwani ni pana na lina rangi ya majani makavu. Nikiona manne makubwa juu na manne chini, na ya pembeni yangali ya utoto, hapo namhesabu mwali aliyekomaa. Kabla ya hapo mifupa yake haijakaza, na mimba itamnyang'anya chakula ambacho mwili wake mwenyewe ungali unakihitaji.

Habari ya kazi ndiyo iliyomtatiza mpwa wangu, nami nataka kuikalia kidogo. Katika mchezo wake mafunzo hayarithiwi, na kwa damu ni kweli hata kwetu: mtoto wa punda hodari hazaliwi anajua ngazi za gatini. Lakini huku kwetu mtoto humfuata mamaye. Tangu juma la pili au la tatu anakwenda nyuma yake, pua imegusa paja, kupitia Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hujibanza ukutani. Mama akisikia "simile!" husogea ukutani akatulia, mtoto naye hujibana ubavuni mwake. Mama akikanyaga kipandio cha mawe kilicholowa, anapima kwato moja moja, na mtoto anatazama. Rukwama ikipita kwa kishindo, mama hatikisi hata sikio, mtoto anajua hapana la kuogopwa. Huyo akifika miaka mitatu, ukimwekea sogi tupu mgongoni, nusu ya kazi imekwisha. Mtoto wa jike asiyejua kazi hujifunza woga wa mamaye. Nimewafundisha wa aina zote mbili, na tofauti yao ni miezi mingi ya jasho langu.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu: fundisha kwanza, zalisha baadaye, wala usiuze mwalimu.

Mwezi wa kumpandisha nao ni hesabu. Punda hubeba mimba kama miezi kumi na miwili, mwingine hufika hata kumi na minne. Maana yake mwezi unaompandisha ndio karibu mwezi atakaozaa mwakani. Mimi huchagua Juni, masika yakielekea ukingoni, majani yangaliko na wageni wamepungua mjini, kazi zimelegea. Akizaa Juni anapata majani mabichi ya kufanyia maziwa. Tatizo la hesabu hii silifichi: mimba nzito inaangukia Machi na Aprili, na Machi ujenzi bado umepamba moto. Hapo ndipo mtu anapojaribiwa, na hapo ndipo mimi niliposhindwa.

Mwaka 2018 nilikuwa na jike mwenye mimba ya miezi kumi. Jahazi la saruji lilikuwa limefunga gatini, na mwenye nyumba aliyekuwa akijenga upande wa juu wa mji alitaka mifuko yote ifike kabla ya adhuhuri. Mfuko ni kilo 50. Niliweka miwili, mmoja kila upande, kama nilivyozoea, safari tisa. Safari ya saba alisimama kwenye mteremko, akageuza kichwa akatazama ubavu wake mwenyewe, nami nikampiga kofi la paja aendelee. Usiku ule akaharibu mimba. Mtoto alikuwa amekamilika, ana kope, ana msalaba mweusi mgongoni kama mamaye. Nilimzika kabla ya alfajiri, na jike alisimama karibu na shimo lile mpaka jua likachomoza. Pesa nilizopata siku ile zilikuwa za unga na mafuta ya taa. Mtoto yule leo angekuwa punda wa kazi aliyekomaa.

Tangu siku hiyo jike wangu akifika mwezi wa tisa namvua sogi. Anatembea, maana kutembea kunamfaa, lakini habebi. Na akizaa, miezi mitatu ya mwanzo ni ya kunyonyesha. Namrudisha polepole kwa mizigo miepesi, makuti au mitungi mitupu, na mtoto namwachisha ziwa akitimiza miezi sita.

Ndugu zangu wataniuliza, utamzuiaje jike asiyetimiza umri? Mtazame. Akitaka dume hutafunatafuna kinywa kitupu, meno yakigongana, masikio yamelala nyuma, mate yakimtoka. Hali hiyo humshika kama juma moja, na hurudi baada ya siku ishirini na tatu au nne. Siku hizo mfunge uani, mletee majani na maji. Na madume yasiyochaguliwa kwa mbegu yahasiwe. Ile kliniki ya punda iliyoko ukingo wa pwani ipo mjini tangu 1987, na waganga wake wanajua kazi hiyo. Kuhasi kwa kisu cha nyumbani na majivu kumetuulia wanyama wengi.

Haraka hii ya kuzalisha na kuuza imezidi tangu machinjio ya punda yalipofunguliwa bara mwaka 2016 kwa ajili ya ngozi za kupeleka Uchina. Bei ilipanda, wizi nao ukazidi. Serikali ikapiga marufuku 2020, mahakama ikaiondoa marufuku 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara hiyo barani kote. Mwenye kufuga anapaswa kujua kwa nini ngozi zingetumaliza: punda huzaa mmoja tu, na kati ya kupandwa na mtoto kubeba mzigo wa kwanza ni miaka isiyopungua minne. Ukimuuza jike mwenye akili kwa sababu bei ya leo ni nzuri, miaka minne ijayo hutapata wa kukubebea mchanga.

Kwa wanaojenga na kukarabati nyumba mjini nina neno pia. Mji huu umo katika urithi wa dunia tangu 2001, na kuta zake za matumbawe husimama kwa mawe, chokaa na mchanga unaopita mgongoni mwa punda, kwa kuwa lori halipiti vichochoroni. Ukimwambia mchukuzi "lazima leo", unamlazimisha atoe kila punda aliye naye, pamoja na mwenye mimba. Tupeni siku mbili badala ya moja. Lipeni kwa mfuko, msilipe kwa safari, ili mtu asione hasara kuweka mfuko mmoja kwa dume na kumpumzisha jike. Na maafisa wa mifugo wa kaunti waje gatini asubuhi, kazi inapoanza, wakague matumbo na migongo kabla sogi hazijapandishwa. Mikutano ya ofisini sisi hatuihudhurii, tuko kazini.

Katika Maulidi ya Mfungo Sita mji mzima hujipanga pwani kutazama mbio za punda, na mshindi hubebwa juu juu. Ninapenda mbio hizo, nilishindana nikiwa kijana. Lakini sijaona mtu akiuliza mshindi alizaliwa na jike gani, na mama huyo yuko wapi leo.

Mpwa wangu hakuuza farasi wake. Jana alinisaidia kuandika kwa chaki nyuma ya mlango wa uani: jike mwekundu, kapandwa tarehe 9 Juni. Chini yake nimeongeza mwenyewe: sogi ivuliwe tarehe 9 Machi, saruji isiguse mgongo wake.

Mchukuzi wa Langoni,
Lamu