Tanzania haikugoma kwenda Montreal

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wa michezo wa toleo lako lililopita, mwandishi wenu ameeleza kwamba mwaka 1976 Tanzania "iligoma" kwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Montreal, na aya mbili mbele akaandika kuwa "iliboikoti". Inaelekea yeye mwenyewe aliona kwamba neno la kwanza halimtoshi, ila la pili nalo ni Kiingereza kilichovishwa kanzu.

"Boycott" lilikuwa jina la mtu kabla ya kuwa kitenzi. Charles Boycott, Mwingereza aliyewahi kuwa askari, alisimamia mashamba ya Lord Erne huko Mayo, magharibi mwa Ireland. Mwaka 1880 wapangaji waliomba kodi ya ardhi ipunguzwe kwa robo nzima, wakakubaliwa asilimia 10 tu, na Boycott akaanza kuwapelekea hati za kuwafukuza. Siku chache kabla ya hapo, Charles Parnell, mwanasiasa wa Ireland aliyewatetea wapangaji, alikuwa ameuhutubia umati mjini Ennis akisema kwamba anayetwaa shamba la mwenzake aliyefukuzwa asiuawe, bali aepukwe njiani, dukani, sokoni na hata kanisani. Wanamayo walimtendea Boycott vivyo hivyo: vibarua wakaacha mazao shambani, dobi na mhunzi wakamkatalia, na wenye maduka wa Ballinrobe wakakataa kumwuzia. Alilalamika kwa barua iliyochapishwa katika gazeti la The Times mwezi Oktoba (naam, barua kwa mhariri kama hii yangu), wakaletwa watu 50 kutoka Cavan na Monaghan kumvunia, wakilindwa na mamia ya askari kwa gharama iliyoyazidi mazao yenyewe mara nyingi. Kabla mwaka haujaisha, jina lake lilikwisha kuwa kitenzi magazetini.

Kwa hiyo hapo mwanzo aliyefanyiwa jambo hilo alikuwa mtu, na Kiswahili kina neno lake: alitengwa. Aliyekulia kijijini anajua maana ya kutengwa. Asiyekwenda kwenye misiba ya wenzake hufika siku akahitaji watu wa kumchimbia kaburi, asimwone hata mmoja. Baadaye Kiingereza kikalihamisha neno hilo kutoka kwa mtu hadi kwenye vitu na shughuli, yaani bidhaa, uchaguzi, mikutano na michezo, na hapo ndipo sisi tunaposema kususia.

Kugoma ni jambo jingine. Anayegoma anazuia kazi anayotegemewa kuifanya, kama vile dereva, mwalimu au kuli wa bandarini, ilhali anayesusia anakataa kushiriki au kupokea kitu ambacho angeweza kukiacha bila kuvunja mkataba wowote. Vibarua wa Boycott waligoma, lakini mwenye duka wa Ballinrobe hakugoma, kwa sababu duka lake lilikuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa mmoja.

Najua wapo wanaoona kususia ni neno la kitoto, kwa kuwa limetokana na kususa, nasi sote tumemwona mtoto aliyenuna akisukuma sahani ya wali pembeni huku jicho lake likiwa palepale kwenye kitoweo, na bibi yake akimwambia, "Ukisusa, wenzio wala." Mimi naona hiyo ndiyo nguvu ya neno lenyewe, kwa maana anayesusia hujinyima kwanza kabla ya kumwumiza mwingine. Tanzania ilipokataa kwenda Montreal kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya makaburu, iliachwa ishiriki, Filbert Bayi, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500, alibaki nje ya mbio hizo, na medali ya dhahabu ikachukuliwa na John Walker wa New Zealand hiyohiyo. Wenzio wala, kweli kabisa.

Naomba basi katika toleo lijalo msahihishe kwamba Tanzania ilisusia Michezo ya Montreal.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi,
Tanga