Barua ya wazi kwa Afisa wa Leba, Malindi: kagua na matangazo ya kazi

Mheshimiwa Afisa,

Salaam aleikum na pole na kazi. Naandika wazi maana hili la hoteli kubagua watu katika kuajiri si langu peke yangu, uliza Barani, Maweni, Muyeye, kila nyumba ina lake, na hoteli zilizofunga masika sasa ndio zaanza kuchukua watu wa msimu.

Kuna tangazo lazunguka kwa WhatsApp, ati "wanatakikana wasichana wa miaka 18 hadi 25, watanashati, watume picha ya mwili mzima". Kazi yenyewe kutandika vitanda na kuosha vyoo! Picha ya mwili mzima ya nini jamani, na mama wa miaka 40 aliyelea wanawe kwa kazi hio hio aende wapi? Ubaguzi huo hata mtoto auona.

Linaloniuma zaidi ni ule usioonekana. Binti wa dadangu ana diploma ya mambo ya hoteli, akaitwa intavyuu ya risepsheni, maswali yote akajibu mpaka manija akamsifu, kisha akapewa karatasi ya yunifomu asome: kichwa wazi, nywele zifungwe nyuma. Akauliza kwa adabu kama aweza kuvaa mtandio wa rangi ya yunifomu, ataushona mwenyewe kwa pesa zake. Akaambiwa "sheria yetu ni moja kwa wote, hatubagui mtu". Kweli karatasi haikutaja dini popote, lakini hapa Malindi sheria kama hio yamfungia mlango nani? Wenzake haikuwagusa, yeye ikamrudisha nyumbani. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, yakataza ubaguzi wa namna hii sawa na ule wa waziwazi, tena yamlinda hata anaeomba kazi. Katiba nayo kifungu cha 27 yataja dini, mavazi, umri, mimba, ulemavu.

Najua watasema kazi ndio yadai hivyo, na kweli sheria yaruhusu sharti ambalo kazi haiendi bila yake. Risepsheni kujua Kiitaliano naelewa kabisa, Waitaliano ndio wageni wetu wa miaka yote. Lakini mtandio wamzuia vipi mtu kumpa mgeni ufunguo wa chumba?

Halafu twaambiwa leteni malalamiko. Nani alete, mji mdogo huu mameneja wote wajuana, ukishtaki mwaka huu mwakani hupati hata kibarua cha kufagia bichi. Na wengi hawajui kwamba kesi ya ubaguzi ikifika kortini ni mwajiri atakiwa kuthibitisha hakubagua, watu wadhani mpaka uwe ulimrekodi manija kwa simu.

Kwa hivyo naomba usitungoje. Sheria ya Taasisi za Kazi, pia ya 2007, yakupa uwezo wa kuingia mahali pa kazi, kukagua na kuuliza maswali. Itumie kabla Desemba. Itisha matangazo ya kazi ya hoteli kutoka Malindi hadi Watamu pamoja na hizo karatasi za yunifomu, uliza kila sharti lina kazi gani, lisilo na jibu lifutwe. Na notisi ya haki hizi ibandikwe kwa Kiswahili, sio kile Kiingereza cha korti.

Jumatatu nitakuja ofisini na kina mama kadhaa, matangazo tumeyaweka kwa simu zetu. Tafadhali tupokee.

Mkaazi wa Maweni