Mechi imepanda hadi 500, ila aliyefungwa sasa analipa kidogo

Wateja wetu wa Mwananyamala, wakubwa kwa wadogo,

Tangu tubandike karatasi ya bei mpya mlangoni tumesemwa sana. Mechi moja ya gemu ya mpira kwenye skrini zetu ilikuwa shilingi 300, sasa ni 500. Aliyesoma mstari huo akaishia hapo ameondoka na hasira zake. Mstari wa pili unasema kila mchezaji anatoa 250 kabla hajashika padi, kile kifaa cha kuchezea. Ule utaratibu wa "aliyefungwa analipa" haupo tena hapa kwetu. Na wanaogomba, niseme tu ukweli, si wale waliozoea kufungwa.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye benchi letu: wawili wanakaa, dakika tano kila kipindi, anayefungwa analipa na kumpisha anayefuata. Mshindi habanduki. Sheria hiyo hatukuitunga sisi, tuliikuta kwenye vibanda vya gemu mtaani na tukaichukua kama ilivyo. Sikuona ubaya wake mpaka likizo ya Desemba, kijana wangu wa kaunta aliposafiri nikakaa mwenyewe wiki nzima. Kuna bwana mdogo mmoja, jina namhifadhia, aliingia saa sita mchana akatoka saa moja usiku. Mechi ishirini na ushee, na hakutoa hata shilingi. Zote zililipiwa na watoto wa darasa la tano na la sita, mia tatu mia tatu, pesa za maandazi na pesa za kutumwa dukani.

Alhamisi ya wiki hiyo akaingia mama mmoja na mwiko mkononi, bado una ugali. Mwanawe alitumwa sukari ya buku. Tulimkuta kajikunja chini ya meza ya skrini namba tatu, kwenye ile buku imebaki mia.

"Baba, humu unafanya biashara au unafuga watoto wa watu?"

Sikuwa na jibu. Nikamrudishia mia tisa yake, na usiku ule nikakaa na kalamu.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtoto anayefungwa mechi tatu alikuwa anatoa 900. Sasa anatoa 750. Yule bingwa wa mechi ishirini alikuwa hatoi kitu, sasa anatoa 5,000, na mtaelewa kwa nini sauti yake ndiyo inayosikika mpaka kwa muuza chipsi. Tena wakubwa walishaanza kuwekeana pembeni, nikikupiga tatu bila unaninunulia soda, mara soda imegeuka buku mbili. Hiyo ni kamari, na kwa aliye chini ya miaka 18 sheria imeikataza. Sitaki ianzie kwenye benchi langu.

Mtauliza, kama ni haki tu tunatafuta, kwa nini isibaki 300 na kila mtu atoe 150? Jibu lipo kwenye padi. Ndani ya kile kifimbo cha kushoto kuna kipande kidogo kinachosuguliwa kila unapokisogeza, ndicho kinachoiambia mashine umeelekea wapi. Kikisokotwa kwa hasira kutwa nzima kinalika, na mchezaji wako anaanza kutembea mwenyewe hata ukiwa umeachia. Ndiyo "padi inavuta" mnayonilalamikia. Padi feki ya Kariakoo kwa mikono ya hapa kwetu haimalizi miezi miwili. Tumenunua nane nzuri, na atakayeirusha chini baada ya kupigwa matuta atailipa, hata akiwa mpwa wangu. (Mpwa wangu anajijua.)

Umeme nao una lake. Ukirudi kwa kishindo unaunguza pawa saplai, kwa hiyo tumefunga stebilaiza kwenye kila skrini. Ukikatika kabla ya mapumziko, mechi inarudiwa bure. Ukikatika kipindi cha pili, aliyekuwa mbele ndiye mshindi. Najua ulikuwa karibu kusawazisha. Kila mtu huwa alikuwa karibu kusawazisha.

Wapo wanaoniambia nifute gemu kabisa, nibaki na kompyuta kama zamani. Zamani ipi? Tulipofungua mwaka 2006 tulikuwa na kompyuta nane, mtandao wa setilaiti unaojikokota, na foleni ya watu wanaosubiri kusoma barua pepe. Julai 2009 mkongo wa baharini wa Seacom, yaani waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ukafika Dar es Salaam, kasi ikapanda, tukashangilia. Hatukujua kwamba intaneti hiyohiyo baada ya muda ingeingia kwenye simu na foleni yetu ingehamia mfukoni. Leo kompyuta zimebaki tatu, na kodi ya pango inalipwa na gemu. Mei 2024, mikongo ya baharini ilipopata hitilafu na mtandao ukasuasua nchi nzima, kompyuta zilikaa kimya, lakini watu wawili wenye padi mbili mbele ya televisheni moja hawahitaji intaneti. Wiki ile tuliishi kwa gemu peke yake.

Sasa wazazi. Mwenye sare ya shule haingii, saa yoyote. Asiye na sare asubuhi ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu shule kadhaa za msingi hapa jijini zinasomesha kwa zamu, na mtoto anayesema "anko, mimi naingia mchana" anaweza kuwa anasema kweli. Kwa hiyo tumeweka daftari. Mzazi anakuja mara moja, anaandika namba yake ya simu na zamu ya mtoto. Mtoto asiye kwenye daftari hachezi kabla ya saa tisa na nusu alasiri. Saa kumi na mbili na nusu jioni walio chini ya miaka 18 wote wanatoka, hata mechi ikiwa kwenye dakika za nyongeza. Ukimtuma mtoto dukani na hujamwona ndani ya nusu saa, piga kaunta kabla hujashika mwiko.

Kompyuta tatu haziondoki. Ndizo za matokeo ya mitihani ya taifa ya NECTA, maombi ya vyuo, maombi ya ajira na kuchapa barua, na pale kelele za mabao hazifiki sana kwa sababu tumejenga ukuta wa mbao katikati. Mnaosubiri dirisha la maombi la Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, njooni asubuhi kabla benchi halijajaa, na mje na namba ya mtihani wa kidato cha nne. Bila hiyo tutakaa tunatazamana.