Shukrani kwa mzee aliyesahau patasi yake

Mzee wangu, shikamoo. Jina lako sikuliuliza, ndiyo maana nakushukuru hadharani. Mimi ni yule kijana wa Columbus, Ohio, niliyekuwa nahangaika na trela ya kulala safarini, aina ya Shasta ya mwaka 1962, ile yenye mabawa madogo nyuma. Ulinisikia nikiongea na mama kwa simu, Kiswahili kikakusimamisha.

Nilikuwa karibu kubandika plaiwudi mpya juu ya iliyooza. Ukabonyeza kona ya dirisha kwa kidole, kikazama. "Mwanangu, maji yanaingilia nje, wewe unapamba ndani?" Ukanieleza kwamba trela hizi zilijengwa kuanzia ndani: kuta za ndani kwanza, kisha fremu ya mbao, bati la alumini mwisho. Basi tukafungua bati, tukabadilisha mbao, tukaziba kingo kwa utepe wa butili, ule wa mpira laini unaonata na kuzuia maji. Na zile kadibodi ulizokata kufuata mviringo wa dari, ziwe kipimo cha kukatia plaiwudi! Bila hizo ningeharibu plaiwudi yote.

Mvua kubwa imeshanyesha mara mbili, kuta kavu kabisa. Malipo uliyakataa, chai ukakubali. Mungu akuzidishie afya. Patasi yako uliisahau chini ya kitanda. Nimeifunga kwa kitambaa, inakungoja.