Mwanangu, jangwani usiende peke yako

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Hapa Tanga sote wazima, mama yako anakusalimu. Macho bado yanamsumbua, nitakueleza huko mbele. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu ukishaanza kucheka, mimi nilichotaka kusema kinanitoka. Soma mpaka mwisho, ukimaliza ndiyo ucheke.

Umemwambia mdogo wako kwamba wiki ijayo unachukua pikipiki na hema, unatoka hapo kwenu Phoenix, Arizona, unavuka Mto Colorado uingie upande wa California, ukakae jangwani siku nne peke yako utulize kichwa. Usimgombeze, mimi ndiye niliyembana. Nikamuuliza huko kuna nini. Akasema ndiko alikokwenda yule mzungu mwenye ndevu uliyembandika ukutani chumbani kwako. Picha bado ipo, mama yako huipangusa vumbi kila akifagia. Miaka yote mimi nilidhani yule bwana yu hai, yuko kwao anafundisha vijana mieleka. Nikamwambia mdogo wako haya, nisomee habari zake zote. Umeme ukakatika, tukaendelea kwa mwanga wa simu.

Basi Evan Tanner sasa namjua. Mtu wa Amarillo, Texas, bingwa wa mieleka tangu sekondari, jujitsu akajifunza mwenyewe kwa kutazama kanda za video. Februari 2005 akachukua mkanda wa UFC, yale mashindano makubwa ya Marekani ya kupigana kwa ngumi, mateke na mieleka, uzito wa kati. Haukukaa naye hata nusu mwaka. Pombe ikamshika, akahangaika nayo, akarudi ulingoni 2008. Machi akapigwa, Juni akapoteza kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Septemba akaenda jangwani. Nimeelewa kwa nini unampenda. Nawe ulianza hivyo hivyo, kwa video za simu, nyuma ya gereji, na hayo unayajua, siyarudii. Na najua la mwezi uliopita. Nililitazama pambano lote, usidhani sikulitazama. Raundi ya pili ilikuwa yako, na atakayebisha aje hapa kijiweni nimwonyeshe. Ya tatu uliacha mkono wa kushoto ukashuka. Nimekuambia habari ya mkono huo tangu hujaota ndevu.

Lakini tusitoke kwenye jambo. Yule hakuwa mjinga, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Angekuwa mjinga ningesema wangu ana akili. Alinunua vifaa, akasoma habari za sehemu anayokwenda. Kabla ya kuondoka aliandika kwamba anataka kuingia ndani sana, kiasi kwamba kifaa kikimharibikia maisha yake yatakuwa hatarini. Watu walipoingiwa na hofu akawaambia wasikuze mambo, kusini mwa California ni kawaida watu kwenda kutembea na pikipiki jangwani, si mbali na miji. Na wewe umemwambia mdogo wako nini? "Mwambie mzee siyo Sahara, ni saa mbili na nusu tu kwa gari." Maneno ni yale yale, mwanangu! Mdogo wako alipofika hapo alinyamaza, akanitazama.

Pikipiki yake iliishiwa mafuta. Hapa nakuambia kama fundi, wala si kama baba. Umekulia gereji lakini pikipiki uliikimbia, ukaenda kwenye ngumi, kwa hiyo haya huyajui vizuri. Mafuta unayopigia hesabu ni ya barabara ya lami. Ukiingia mchangani unashuka gia ya kwanza, ya pili, injini inalia, gurudumu la nyuma linazunguka bure, na tanki la pikipiki ni dogo. Usiamini geji. Simamisha, fungua kifuniko, itikise pikipiki huku na huku usikilize mlio, chungulia na macho yako. Ukifika nusu umeshachelewa kugeuza. Dumu la akiba lazima, na lifungwe mbali na maji ya kunywa, maana nimeona watu wakinywa maji yenye harufu ya petroli.

Ikabidi atembee, na maji yakamwishia. Siku zile joto la huko lilifika nyuzi 48. Walimwona tarehe 8 Septemba 2008, helikopta ya wanajeshi wa majini ndiyo iliyomwona, karibu na kijiji kinaitwa Palo Verde, wilaya ya Imperial. Nimeangalia kwenye ramani. Ukivuka mto kutoka upande wenu, ni pale pale. Alikuwa na miaka 37. Joto ndilo lililomuua. Hakuna aliyempiga.

Sasa nisikilize hapa, maana najua utasema, "Baba, nitamwambia mtu ninakokwenda." Yule kijana aliyebanwa na jiwe kule Utah mwaka 2003 akajikata mkono, Aron Ralston, kila mtu humlaumu kwamba aliondoka bila kumwambia mtu. Sawa. Lakini Tanner aliwaambia watu. Alikuwa na simu, ujumbe ulimfikia rafiki, kwamba asiposikika kufikia asubuhi waombe msaada. Asubuhi! Mtu aliyeishiwa maji kwenye joto lile anahesabu saa, na yeye aliweka ahadi ya kesho. Nadhani aliona haya kusema njooni sasa hivi. Ninyi wapiganaji mna ugonjwa huo. Kugonga mkono kukubali umeshindwa mnaona aibu mpaka mkono uvunjike. Kwa hiyo kuniambia umemwachia mtu taarifa hakunitoshi. Nataka mtu wa pili, mwenye pikipiki yake na maji yake, aliyesimama pale pale unapoanguka.

Mama yako anasema tabia ya kunyamaza na shida mpaka iive umeitoa kwangu. Mama yako husema mengi.

Jambo jingine. Najua unajiona mzoefu wa kiu. Nimekuona kwenye video ukikata uzito kabla ya pambano, umejifunika masweta, unakaa kwenye chumba cha mvuke, unatema mate kwenye kikopo, mdomo umekauka kama umefunga mwezi mzima. Ukishuka kwenye mizani unacheka. Ndiyo maana unadhani mwili wako unajua kukauka. Lakini kwenye kukata uzito kuna mtu kando yako ameshika chupa, anaangalia saa, na ukishapima unakunywa. Kiu ile ina mwisho na unaujua. Mazoezi yale nadhani ndiyo yatakayokudanganya, maana dalili itakuja na wewe utasema hii naijua, bado napumua.

Na misuli haisaidii kwenye joto. Injini kubwa inataka rejeta kubwa, na wewe umeongeza injini, rejeta ni ile ile uliyozaliwa nayo. Ukitembea juani kwa nguvu, lita nzima ya jasho inakutoka kwa saa moja, pengine zaidi. Wakikuambia lita nne kwa siku, hiyo ni ya mtu anayetembea kidogo na kukaa kivulini. Siku nne ni lita 16, nazo ni kilo 16. Weka na petroli, hema, chakula, na mwili wako huo. Pikipiki gani itabeba? Piga hesabu kwenye karatasi, nitumie. Nataka kuiona karatasi yenyewe.

Mdogo wako amenionyesha kwamba mwaka 2023, Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo joto halishuki chini ya nyuzi 43 mchana, na wilaya yenu ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vilivyotokana na joto. Wengi wao walikuwa humo humo mjini, karibu na bomba la maji. Wewe unaliacha bomba unakwenda kulitafuta joto.

Sikukatazi kutulia. Mtu akipoteza pambano anataka kukaa mbali na kelele, mimi mwenyewe nilikuwa nakwenda Pangani. Lakini ngoja Desemba, Januari, wanasema jangwa la huko linapoa na usiku kunakuwa na baridi. Enda na yule rafiki yako wa mazoezini, yule Mmeksiko aliyetusalimia kwenye simu, anaonekana ana adabu. Kama hamtaki kuongea, pigeni mahema mbalimbali, kila mtu anyamaze kwake. Kile kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti kikodi au kinunue, simu ya kawaida usiitegemee porini. Na pikipiki ikizima, usiiache ukaanza kutembea mchana. Tafuta kivuli, ikibidi lala chini ya turubai, pikipiki inaonekana kwa mbali kuliko mtu. Na ombeni msaada wakati bado mna maji, msingoje yaishe.

Kama ni sala unaogopa kwamba watu watakucheka, sali hata kwenye gari.

Ya nyumbani. Mama yako ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, daktari amesema la kulia ndilo lianze. Amepewa tarehe ya mwezi wa kumi na moja. Hataki nikuambie, kwa hiyo hujasikia kwangu. Anachokitaka ni kuona sura yako kwenye simu bila kuisogeza puani. Dada yako na watoto wapo hapa tangu wiki jana, mumewe ana safari ya Dar, mjukuu mkubwa amevunja kioo cha dirisha la sebuleni kwa mpira na anasema ni paka. Tenki la maji linavuja pale kwenye koki, nimeweka mpira na gundi, linashika siku mbili linaachia. Bei ya koki mpya nimeuliza, si kubwa, nitaiweka mwenyewe.

Kuhusu ile hela ya bati: mwezi huu usiitume. Paa limevumilia mvua ngapi, litavumilia na vuli. Nunulia kifaa hicho cha setilaiti, au mtilie mafuta huyo rafiki yako ili aje nawe. Shangazi yako amenisikia nikisema hivi akasema nimelainika. Na akuambie.

Picha yako ya pambano nimeipeleka ikachapishwe kubwa. Fundi fremu ameniuliza kama wewe ndiye mwanangu, nikamwambia ndiyo, ila raundi ya tatu ulishusha mkono. Itakaa sebuleni. Ile ya mwenye ndevu nimeiacha pale pale chumbani kwako, sikuitoa, ukija utaamua mwenyewe.

Wiki ijayo usiende. Na ukinijibu usinitumie tena lile dole gumba. Niandikie unakwenda lini, na nani, na namba yake.

Baba yako