Msichome negativu za wazee wenu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Wiki mbili zilizopita nilikuwa napita Majengo, hapa Moshi, nikawakuta vijana wanasafisha chumba kilichokuwa studio ya picha. Nje walikuwa wamewasha moto, na kilichokuwa kinaungua ni negativu, zile filamu ambazo picha huchapwa kutoka kwake, bahasha kwa bahasha, zinajikunja na kutoa moshi mweusi. Niliwaomba waniachie zilizobaki. Wakanipa mfuko mmoja huku wakinishangaa. Nilipofika nyumbani niliinua mkanda mmoja dirishani: maharusi, mtoto wa kipaimara, mzee wa koti amekaa mbele ya pazia, mikono juu ya magoti. Hao ni watu wa mji huu. Desemba hiyo inakuja, watoto watapanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko kuja kwa wazee, nyumba zitafanyiwa usafi na masanduku yatatolewa uvunguni. Ndiyo maana nimeona niandike mapema.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Pasua. Marehemu baba alikuwa bwana shamba, akizunguka Kibosho, Uru na Old Moshi kuwafundisha wakulima wa kahawa. Alifundisha kwa slaidi, vipande vya filamu vyenye fremu vinavyomulikwa ili picha itokee kubwa ukutani. Jioni alitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa chama cha msingi, jenereta ikawashwa, na wakulima wakaona tunda la kahawa lenye ugonjwa wa chulebuni likiwa kubwa kama kichwa cha mtu. Kazi yangu ilikuwa kubeba sanduku. Alipofariki aliacha slaidi 640, mikanda ya negativu ya milimita 35, na bahasha moja ya negativu kubwa za mraba, sentimita sita kwa sita, alizopiga kwa ile kamera ya kuangalia kwa juu.

Mwanzo nilipeleka slaidi thelathini kwenye duka moja mjini zihamishiwe kwenye kompyuta. Nilirudishiwa flashi yenye picha ndogo ndogo, na slaidi zenyewe zimechanganywa, mpangilio wa baba umepotea. Nikamwonyesha mama kwenye kompyuta. Ana miaka 86 na macho yake bado ni mazima. Aliitazama picha ya baba akipogoa mbuni, akanyamaza, kisha akasema, "Huyu siye baba yako. Baba yako hakuwahi kushika mkasi kwa mkono wa kushoto." Niliangalia gunia lililokuwa pembeni, na kweli, maandishi yalikuwa yanasomeka kinyumenyume. Slaidi ilikuwa imewekwa upande usio wake. Tangu siku hiyo sijatoa tena sanduku lile nje ya nyumba.

Kwa anayetaka kufanya kazi hii mwenyewe kwa skana, mashine ya kunakili picha kwenda kwenye kompyuta: slaidi na negativu zina upande unaong'aa na upande uliofifia. Uinamishe kwenye mwanga wa dirisha, utaona upande uliofifia umebeba picha kama michoro iliyoinuka kidogo sana. Maelekezo ya skana yatakwambia upande upi uelekee wapi. Jaribu moja yenye maandishi kwanza, hata bango la duka au namba ya gari, kabla ya kuendelea na nyingine.

Skana ya kwanza niliyonunua ilikuwa ile ndogo, bei ya mbuzi mmoja. Ndani yake ni kamera na taa tu: unasukuma slaidi, inapiga, inaweka kwenye memori kadi, hata kompyuta haihitaji. Haraka, sikatai. Ila boksi liliandikwa megapikseli 22, na tuliposoma maandishi madogo tukakuta kihisi chake ni cha megapikseli 14, zilizobaki zinaongezwa na programu, na programu haiwezi kuongeza kitu ambacho jicho la skana halikukiona. Tena haikuwa na nafasi ya zile negativu za mraba. Lakini kilichonivunja moyo ni Kibo. Baba alikuwa na slaidi aliyopiga asubuhi kutoka Old Moshi, kilele chote cha Kilimanjaro kimefunikwa barafu. Mtoto wa kaka yangu, ambaye ndiye fundi wangu, aliifungua akasema, "Shangazi, hii si Kibo, ni karatasi nyeupe." Mwanga ulikuwa umezidi, barafu na mawingu vimekuwa kitu kimoja. Hata tulipopunguza mwanga kwenye kompyuta hakikurudi kitu, kwa sababu hakikuwa kimeingia.

Skana ya pili tuliipata Arusha, ya mtumba, bei ya mbuzi kadhaa. Ni ya kulaza, kama zile za steshenari, ila kifuniko chake kina taa. Hili ndilo la kuuliza kabla hujatoa hela: je, kifuniko kina taa? Skana ya kulaza ya kawaida inamulika kutoka chini kwa ajili ya karatasi. Slaidi inataka mwanga upite katikati yake, vinginevyo utaletewa mraba mweusi. Uliza pia kama vishikio vyake vya kuwekea slaidi na negativu vipo vyote, maana kwa vitu vya mtumba ndivyo vinavyopotea kwanza. Zipo pia skana za mkanda peke yake, za milimita 35, na kwa saizi hiyo huwa zinaona kwa undani kuliko za kulaza. Kama sanduku lenu lina mikanda hiyo tu, nunueni hiyo. Sisi tulikuwa na zile za mraba.

Kwenye skana hii Kibo ilirudi. Nilikaa nayo kama nusu saa. Kuna nyufa kwenye ukingo wa barafu, kuna kivuli cha buluu chini yake, na chini kabisa paa la bati la shule niliyosoma. Tangu 1912 barafu ya mlima wetu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Watoto niliowafundisha miaka ya mwisho hawakuwahi kuuona mlima ule kama baba alivyouona asubuhi ile.

Msihangaike na namba kubwa za kwenye boksi. Skana za kulaza huandikwa hata nukta 6400 kwa inchi, na undani wake halisi haufiki nusu ya hapo. Mimi naskani slaidi kwa 2400. Inanipa picha ya pikseli kama 3,400 kwa 2,270, inatosha kuchapishwa kwa upana wa inchi 11 bila kuchakaa. Kila moja nahifadhi kama TIFF, faili kubwa lisilopunguza ubora, takriban megabaiti 23, na JPEG, faili dogo, naitoa baadaye kwa ajili ya kutuma kwenye simu. Slaidi zote 640 haziwezi kujaza diski ndogo kabisa ya siku hizi. Muda ndio unaokwenda. Vishikio vyangu vinabeba slaidi nne kwa mara moja, dakika kumi kila mara, na Pasua umeme ukikatika katikati unaanza upya. Nilifanya jioni, baada ya taarifa ya habari, miezi mingi.

Vumbi lilinisumbua kuliko yote. Usipulize kwa mdomo, mate yataacha madoa. Mimi natumia pampu ya mpira ya kuvutia kamasi ya watoto wachanga, mpya, na glavu za pamba. Slaidi zilizokaa kwenye unyevu wa masika zina ukungu kama utando wa buibui. Hizo usizioshe kwa maji, kwa sababu ukungu unalainisha tabaka lenye picha na maji yatalichukua lote. Siku hizi sanduku liko juu ya kabati, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Skana yetu ina taa ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ya kuondoa vumbi. Mwanga huo unapita kwenye rangi za filamu lakini unazuiwa na vumbi na mikwaruzo, hivyo programu inajua mahali pa kuziba. Kwa filamu nyingi za rangi inafanya kazi nzuri mno. Kwa picha nyeusi na nyeupe uizime kabisa, kwa sababu picha hizo zimeundwa kwa madini ya fedha, na madini hayo nayo inauzuia mwanga ule. Programu itadhani picha yenyewe ni uchafu. Kwenye slaidi za Kodachrome pia iangalie sana, sehemu za giza huharibika. Utazitambua kwa jina kwenye fremu. Filamu hiyo ilianza kuuzwa 1935 na Kodak wakaacha kuitengeneza 2009. Za baba zimetunza rangi, udongo ni mwekundu kama juzi, wakati slaidi zake za aina nyingine zimegeuka waridi. Na fremu zake za karatasi nyingi zina mhuri wa mwezi na mwaka wa kusafishwa. Usitoe slaidi kwenye fremu hizo! Kwa mhuri mmoja nimejua kwamba picha ya nyumba yetu ya kwanza ni ya 1971, wala si ya 1975 kama tulivyokuwa tukibishana na kaka.

Sasa nieleze ile negativu iliyonifanya nisimame barabarani pale Majengo. Kwenye albamu tuna picha ndogo, kama kiganja, baba amesimama na mkulima kando ya mfereji. Tumeiona maisha yetu yote. Tulipoiskani negativu yake, ile ya mraba, tulikuta ni pana kuliko picha. Aliyeichapa alikuwa amekata kingo. Kwenye ukingo wa kushoto, nyuma ya migomba, yuko mwanamke na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mkono mmoja juu, anatazama kamera. Mara ya kwanza kijana alisahau kuzima infraredi, uso ukatoka umevurugika kama umepakwa uji. Tukarudia. Tukaikuza. Mama alishika meza. "Huyo ni mama mkwe wangu," alisema. "Alikuwa hataki kupigwa picha." Hatukuwa na picha nyingine yoyote ya bibi. Kama tungeipiga picha ya albamu kwa simu kisha tukachoma negativu, kama wengi wanavyoshauriana siku hizi, asingeonekana.

Kwa hiyo naomba, Mhariri, wenye studio zinazofungwa wawatangazie wateja wao hata kwa karatasi mlangoni, waje wachukue negativu zao. Na mnaokuja likizo, kabla ya kununua skana, fungueni sanduku na mhesabu mnacho nini na cha saizi gani. Kisha kaeni na mzee aliyebaki, mumwonyeshe moja moja, muandike anayoyasema. Sisi mama anataja, mimi naandika jina na kijiji kwenye daftari, kijana anaandika namba ileile kwenye faili. Nakala moja iko kwenye diski yangu, nyingine kwa kaka Arusha, na slaidi zenyewe zimerudi kwenye sanduku lao.

Zimebaki slaidi 110 za kuskani. Ule mfuko wa Majengo nitauanza zikiisha, na nitakuwa nabandika picha hizo kwenye ubao wa matangazo pale kanisani, huenda mtu akamtambua mzee wa koti. Picha ya bibi tumeichapisha kubwa. Fundi wa fremu ameniambia nifuate Ijumaa.

Mwalimu mstaafu,
Pasua, Moshi